Kasi ya Ukaguzi wa Pariti: Uchunguzi wa Seva ya Rekodi za Sauti Kolwezi

Makala haya yanahusu mashine, lakini nimeyaandika kwa ajili ya watu wa lugha. Kiswahili cha Kolwezi na Likasi, kile kilichokua katika kambi za Union Minière na baadaye Gécamines, kimeandikwa kwa uchache. Ushahidi wake mwingi uko katika sauti. Johannes Fabian alipofika Kolwezi katika miaka ya 1960 kuchunguza Jamaa, vuguvugu lililoanzia hapa chini ya padre Placide Tempels, alifanya kazi na kinasa sauti, na maandishi aliyoyatoa baadaye yalitoka kwenye kanda. Maandishi kama historia ya mji wa Elisabethville aliyoitunga André Yav mwaka 1965, ambayo Fabian aliichapisha mwaka 1990, ni machache mno. Anayetafiti lahaja hii leo katika Lualaba atarekodi wazee, mahubiri, kesi za ukoo na nyimbo za matanga, na baada ya miaka michache atajikuta mlinzi wa diski.

Mimi ni mmoja wa walinzi hao. Seva ninayoizungumzia iko nyumbani, katika komini ya Manika, kwa sababu nyumbani kuna betri. Ina diski 10: diski moja ya pariti ya terabaiti 8, diski tatu za data za terabaiti 8 kila moja, na sita za terabaiti 4. Nafasi ya data ni terabaiti 48. Sauti peke yake isingehitaji yote hayo. Saa moja ya sauti ya stirio kwa kipimo ambacho watunza nyaraka za sauti hukitaka, yaani biti 24 na kilohezi 48, hula kama gigabaiti 1 tu. Kinachojaza ni video. Tangu wanafunzi waanze kuwarekodi wazee kwa picha, ili mikono na nyuso zionekane, mkusanyo umekua mara nyingi. Programu inayozisimamia diski ni Unraid, ingawa nitakayoyasema yanafaa kwa mfumo wowote wa pariti.

Tatizo lilikuwa hili: ukaguzi wa pariti uliotarajiwa kumalizika chini ya saa 20 ulikuwa ukihitaji zaidi ya saa 50.

Pariti ni nini

Chukua diski nne za data. Katika mahali pamoja kwenye kila diski pana biti moja, ama 1 ama 0. Tuseme zinasomeka 1, 0, 1, 1. Jumla ni 3, namba witiri. Diski ya tano, ile ya pariti, itaandikiwa 1 mahali hapohapo ili jumla iwe 4, namba shufwa. Kama data zingekuwa 1, 0, 0, 1, jumla ingekuwa shufwa tayari na pariti ingeandikiwa 0. Ndani ya diski ya pariti hakuna kingine. Hamna sauti wala picha, ni kumbukumbu ya ushufwa tu, biti kwa biti, kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho.

Sasa diski ya tatu ikifa, mashine inasoma 1, 0, pengo, 1, na kwenye pariti 1. Jumla ya zinazosomeka ni 3. Kwa kuwa jumla lazima iwe shufwa, penye pengo palikuwa na 1. Ikirudia hesabu hiyo kwa kila mahali, diski nzima inarudi.

(Hapa niseme jambo la istilahi. Sisi tuliosoma hesabu Kongo tumezoea kusema pair na impair, maana shule ilifundisha kwa Kifaransa. Lakini Kiswahili kina shufwa na witiri tangu zamani, na neno ushufwa lingefaa kabisa kwa dhana hii. Naandika pariti kwa sababu ndilo neno ambalo mafundi wa mjini watalielewa. Mwenye kutunga kamusi ya kompyuta asilisahau lile jingine.)

Kwa mwanafunzi wa fasihi mfano wa karibu ni mizani. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Mwenye kusoma nakala ya zamani akihesabu 7, anajua kuna silabi iliyoanguka, hata kama maana haijaharibika. Hesabu imemwambia kuna kosa, lakini haikumwambia liko wapi. Kama karatasi imetobolewa na mchwa na tundu linaonekana, mambo ni mengine: mahali panajulikana, kina kinajulikana, silabi zilizobaki zinajulikana, na mhakiki anaweza kujaza kwa uhakika fulani. Pariti inamshinda mhakiki katika jambo moja tu: penye pengo linalojulikana jibu lake ni moja, halibishaniwi.

Udhaifu wa mizani ni udhaifu wa pariti pia, na hili wengi hawalijui. Ukaguzi ukikuta jumla witiri huku diski zote zinasomeka, mashine haijui ni diski ipi inayosema uongo. Ukiiruhusu isahihishe, itafanya jambo moja: kuiandika upya pariti ili ikubaliane na data. Ni sawa na mnakili anayekuta mshororo wa mizani 7 akaamua kwamba utenzi huu, kumbe, ni wa mizani 7. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe kwanza bila kusahihisha. Na kila faili la sauti liwe na alama yake ya hesabu, kwa mfano ya SHA-256, iliyohifadhiwa kando. Alama hiyo ndiyo itakayosema faili lipi limebadilika.

Ukaguzi wenyewe unazisoma diski zote kwa pamoja, bega kwa bega. Haiwezekani kujumlisha biti ya mahali fulani kabla diski zote hazijaitoa. Kwa hiyo kasi ya ukaguzi kwa dakika yoyote ni kasi ya diski iliyo nyuma kuliko zote kwa dakika hiyo. Na urefu wa kazi ni ukubwa wa diski kubwa kuliko zote. Idadi ya diski haiongezi saa, kama kila moja ina njia yake. Hilo "kama" ndilo lililobeba uchunguzi wote.

Saa 50 katika mji huu

Mahali pengine ukaguzi wa saa 50 ni kero tu. Unauanzisha Ijumaa, unausahau, Jumapili umekwisha. Kolwezi haiko hivyo. Mji huu ni mwisho wa laini ya umeme inayotoka Inga, kilomita kama 1,700, iliyokamilika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi ya Shaba. Na mto Lualaba wenyewe una mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa katika miaka ya 1950. Nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu, na chini yake watu wanahesabu siku za délestage. Betri ya nyumbani inaishika seva kwa saa chache. Haiwezi kushika diski 10 zinazozunguka mfululizo kwa siku mbili.

Matokeo yake ni haya. Umeme ukikatika na betri ikikaribia kuisha, mashine inajizima kwa utaratibu na ukaguzi unakatishwa. Ikizimika ghafla, mfumo hauamini tena pariti yake, na mara tu diski zikirudi kazini unaanzisha ukaguzi wenyewe, kutoka sifuri. Unafika saa ya 20 au ya 30, umeme unakatika tena. Kwa majuma tisa hapakuwa na ukaguzi hata mmoja uliofika mwisho. Kwa majuma tisa, basi, hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kama pariti ile ingerudisha diski iliyokufa au ingerudisha kelele.

Ipo njia ya kuugawa ukaguzi vipande, uendelee pale ulipoishia. Ni dawa ya dalili. Ugonjwa unabaki, na siku diski itakapokufa kweli, ujenzi wa diski mpya utapita katika njia ileile ya polepole, na ujenzi huo ndio usiotakiwa kukatizwa.

Watuhumiwa wa kwanza

Katika mji wa migodi mtuhumiwa wa kwanza ni vumbi. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, malori yanaliinua vumbi jekundu mpaka majani ya miembe yanabadilika rangi, na kila fundi wa kompyuta hapa anaanza kwa kupuliza. Seva ilipulizwa. Joto la diski likashuka kutoka digrii 48 hadi 41. Kasi haikubadilika hata kidogo, na hakukuwa na sababu ya kubadilika. Simu ikipata joto hupunguza mwendo ili ijilinde. Diski ya sumaku kwa kawaida haifanyi hivyo, inaendelea na kasi yake huku maisha yake yakifupishwa. Kupuliza ni kwa ajili ya umri wa diski.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa diski kuukuu kuliko zote, ya terabaiti 4, ambayo taarifa zake za SMART zilionyesha sekta 24 zilizokwisha kuhamishwa, yaani sehemu mbovu zilizobadilishwa na za akiba. Kijana anayenisaidia kwa mambo ya vifaa aliziona namba hizo akahukumu papo hapo.

"Yaya, hii ya zamani tuitoshe tu. Njo inachelewesha zingine zote."

"Ngoja kwanza, mdogo wangu. Tukiitosha, tutaijenga upya kwa kutumia nini?"

Msomaji wa pwani asipotee: katika Kiswahili chetu kutosha ni kuondoa, na diski ile ilitosha kwa maana ya kwenu ndiyo maana sikutaka itoshwe kwa maana ya kwetu. Hoja ya kijana ilikuwa na akili ndani yake. Diski inayokufa huweza kurudiarudia kusoma sekta moja hadi mara nyingi, na kwa kuwa ukaguzi unamsubiri wa mwisho, diski moja mgonjwa inazisimamisha tisa. Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, ugonjwa wa aina hiyo huonekana kama mashimo: kasi inaanguka mahali fulani, kisha inapanda. La pili ndilo zito. Kuiondoa diski maana yake ni kuijenga upya kutoka kwenye pariti ambayo haijathibitishwa kwa majuma tisa, kwa kazi ya saa 33 na zaidi, katika mji usiotoa saa 33 za umeme. Tungebadilisha diski inayosomeka kwa ahadi.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote tulinakili yaliyomo katika diski ile, terabaiti 2.6, kwa njia ya mtandao wa ndani hadi diski ya pembeni. Ilichukua saa 7 na kidogo, ndani ya siku moja ya umeme. Kisha alama za SHA-256 zikalinganishwa, faili kwa faili, na zote zikalingana. Nasisitiza utaratibu huu kwa wanafunzi: diski yenye shaka ikiwa bado inasomeka, nakala ya moja kwa moja inatangulia hesabu yoyote ya pariti.

Umbo la kasi

Wengi wakiulizwa ukaguzi wao una kasi gani hutoa namba moja, ile ya wastani. Wastani hauna habari. Kinachotakiwa ni umbo: kasi ilikuwaje mwanzoni, katikati, mwishoni. Tuliandika kasi kila baada ya dakika 10 katika ukaguzi mmoja uliobahatika kufika mbali, tukachora.

Ili kuusoma mchoro inabidi kujua diski yenye afya ina umbo gani. Sahani ya diski inazunguka kwa mwendo usiobadilika. Ukingo wa nje, ambako kusoma kunaanzia, una mzingo mrefu, kwa hiyo data nyingi zaidi hupita chini ya kichwa kwa kila mzunguko. Ndani karibu na kitovu zinapita chache. Diski ya kawaida ya terabaiti 8 huanza karibu megabaiti 190 kwa sekunde na kumaliza karibu 100. Umbo la afya, basi, ni mteremko. (Na kwa kuwa tuko Kolwezi: tabaka la sumaku juu ya sahani hiyo ni aloi ya kobalti, kromi na platini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sehemu kubwa katika mkoa huu. Mzee aliyesimulia miaka yake ya mgodini yumkini sauti yake imeandikwa juu ya kile alichokichimba.)

Mchoro wetu haukuwa na mteremko. Ulikuwa tambarare: megabaiti 33 kwa sekunde saa ya kwanza, 33 saa ya kumi, 33 saa ya thelathini. Kisha, ulipovuka alama ya terabaiti 4, ukaruka ghafla hadi 66, na ukabaki tambarare tena. Mashimo mafupi yalikuwepo hapa na pale, nitayarudia.

Namba hizo mbili karibu zinatosha kumaliza kesi, na nawaomba wanafunzi wasimame hapa kabla ya kuendelea. Diski haiwezi kusoma kwa kasi moja mwanzo na mwisho. Maumbile ya mduara hayaruhusu. Kasi tambarare inatoka nje ya diski. Na kwa nini iongezeke mara mbili kamili kwenye terabaiti 4? Kwa sababu pale diski ndogo zinamaliza zamu yao na kubaki kubwa peke yake. Kuna kitu diski zilikuwa zikigawana, na waliokigawana walipungua kwa nusu.

Tulithibitisha kwa vipimo vitatu, vyote vya kusoma tu, bila kuandika chochote. Kwanza kila diski peke yake, kwa programu ya hdparm na amri ya dd katika sehemu za mwanzo, kati na mwisho. Za terabaiti 4 zilitoa kati ya 140 na 150 mwanzoni na karibu 80 mwishoni. Diski kuukuu, mshitakiwa, ilitoa 141. Haikuwa ya mwisho hata kati ya wenzake. Pili, diski nne zilizochomekwa moja kwa moja kwenye bodi mama zilisomwa kwa pamoja, na kila moja ilibaki na kasi yake. Tatu, zile sita zilizochomekwa kwenye kadi ya nyongeza zilisomwa mbili kwa pamoja, kisha tatu, kisha tano, kisha sita. Mbili zilipata karibu 100 kila moja. Tatu, 66. Tano, 40. Sita, 33. Zidisha: jumla haikuvuka 200 kamwe. Katika hizo sita, tatu zilikuwa za terabaiti 8 na tatu za terabaiti 4, na ndiyo maana kasi iliruka mara mbili kwenye alama ile.

Anayeijua Kasumbalesa hahitaji maelezo zaidi. Malori yanayotoka Kolwezi na shaba na kobalti yana injini nzuri, na kila moja barabarani peke yake linakwenda. Mpakani yanapanga foleni ya siku kadhaa, kwa sababu lango linapitisha kiasi chake tu. Kubadilisha lori moja kuukuu katika foleni ile hakuongezi chochote kwa yaliyo nyuma.

Lango letu lilionekana kwa jina katika taarifa za programu ya lspci. Kadi ilikuja na mashine hii ilipokuwa ya ofisi, imechomekwa katika tundu fupi la PCIe lenye njia moja. Taarifa hutoa mistari miwili kwa kila kadi: mmoja unasema uwezo wa kadi, mwingine unasema makubaliano ya sasa kati ya kadi na tundu. Uwezo ulisomeka 5 GT/s. Makubaliano yalisomeka 2.5 GT/s, njia moja. Njia moja ya kasi hiyo inabeba megabaiti 250 kwa sekunde kwa nadharia, na ukiondoa gharama za itifaki inabaki 200 hivi. Mistari hiyo miwili isomwe yote. Wengi husoma wa kwanza tu, ambao ni tangazo la biashara.

Kilichobadilishwa

Kadi mpya, au tuseme mpya kwetu, ilipatikana Lubumbashi: LSI 9211-8i iliyokwisha kutumika, yenye njia 8 za PCIe za kizazi cha pili. Iliwekewa programu ya ndani inayoziacha diski zionekane moja moja, bila kadi kujifanya msimamizi wao, na ikachomekwa katika tundu refu lililoachwa kwa kadi ya picha. Njia 8 kwa megabaiti 500 ni 4,000 kwa nadharia, mara nyingi ya mahitaji ya diski sita. Kadi za aina hii hupata joto kali kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya seva zenye upepo mwingi, kwa hiyo feni ndogo ilifungwa juu yake kwa waya wa plastiki. Sura yake si nzuri, lakini inafanya kazi.

Yale mashimo mafupi yalikuwa na chanzo chao. Diski moja, si ile kuukuu, hesabu yake ya makosa ya mawasiliano, namba 199 katika orodha ya SMART, ilipanda kutoka 12 hadi 31 ndani ya ukaguzi mmoja. Namba hii haisemi habari za sahani. Inasema kwamba data ziliharibika kati ya diski na kadi na ikabidi zitumwe tena, na mara nyingi maana yake ni waya au kichwa cha waya kilicholegea. Waya ulibadilishwa. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata baada ya matengenezo, jambo linalowatisha wageni. Kinachotazamwa ni kwamba imeacha kupanda. Imesimama kwenye 31.

Ukaguzi wa kwanza baada ya hapo ulianzishwa usiku wa Jumamosi, bila kusahihisha, na programu nyingine zote za seva zikiwa zimezimwa, maana mtu mmoja akisikiliza rekodi wakati wa ukaguzi vichwa vya diski vinalazimika kurukaruka. Mchoro ulibadilika sura kabisa. Ulianza karibu 140, ukateremka taratibu hadi 80 diski ndogo zilipofika ukingo wao wa ndani, ukapanda hadi 170 zilipotoka, ukateremka tena hadi 100. Ni meno mawili ya msumeno, kila jino na mteremko wake. Ulichukua saa 17 na dakika 40. Umeme ulikatika mara moja, saa ya tisa, kwa muda ambao betri iliumudu.

Makosa yaliyopatikana: 5. Matano ni kidogo mno, lakini kwa mlinzi wa nyaraka swali ni yako katika faili gani. Alama za SHA-256 za mkusanyo wote zilihesabiwa upya. Hakuna faili lililobadilika. Kwa hiyo kilichokuwa nyuma ni pariti, iliyoachwa bila kumaliziwa kuandikwa katika mojawapo ya zile siku mashine ilipozimika ghafla. Hapo ndipo ukaguzi wa kusahihisha uliporuhusiwa, Jumamosi iliyofuata, na ule wa tatu ukatoa sifuri.

Kama diski kuukuu ingetoshwa siku ile ya kwanza, hayo matano yangeingia ndani ya diski mpya kama data halali. Pengine yangeangukia nafasi tupu. Pengine yangeangukia katikati ya usimulizi, kitone cha sauti ambacho mwanafunzi wa fonetiki miaka 20 baadaye angekiandikia tanbihi.

Diski ile bado iko kazini, sekta zake zilizohamishwa ni 24 kama zamani, na imepangiwa kustaafu kabla ya mvua zijazo, sasa kwa kuwa kujenga nyingine badala yake kunachukua kama saa 10. Linalobaki ni kubwa kuliko pariti. Pariti inalinda dhidi ya diski moja kufa; hailindi dhidi ya radi, moto, mwizi, wala mkono unaofuta folda isiyostahili kufutwa, kwa maana mkono ukifuta, pariti nayo inaandikwa sawasawa na ufutaji huo. Nakala ya pili inasafiri. Diski mbili za terabaiti 8 zimefungwa kwa sponji ndani ya sanduku la chuma, na mwezi huu zitapanda basi la Lubumbashi pamoja na daftari la alama za SHA-256, lililochapishwa kwenye karatasi pia. Mkusanyo wa Kiswahili cha Musonoi na Luilu umetangulia, kwa kuwa wasimulizi wake ndio wazee zaidi.